Dawa za Asili na Maradhi ya Ngozi: Tutumie kwa Ilimu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Walimu wetu, wazazi wetu na vijana wenzangu, mada niliyopewa ni dawa za asili katika kutibu maradhi ya ngozi. Ni mada ya kila nyumba. Nani hapa hakupakwa liwa, manjano au mafuta ya nazi udogoni? Na Idd ndiyo hiyo yaja, kila mmoja anataka uso ung'are.

Sisi Waislamu hatukufungiwa mlango wa kujitibu. Surat An-Nahl, aya ya 69, inatueleza kuwa asali ina shifaa kwa watu. Mtume (s.a.w.) ameisifu habbat sauda na akatuhimiza kutafuta dawa. Lakini Abu Daud amepokea pia kwamba mwenye kujitia utabibu na hali hajulikani kwa ilimu hiyo, akidhuru, dhamana ni yake. Hadithi hii huisikii kwa wauza dawa! Basi tuziangalie dawa zetu moja moja.

Kwanza, asali. Ina maji machache na ina asidi, kwa hivyo vijidudu hupata taabu kukua ndani yake. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 26 yenye watu zaidi ya 3,000. Wakaona kwamba majeraha ya moto yasiyoingia ndani sana hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Lakini asali ya hospitali husafishwa maalumu, si ile ya chupa iliyotiwa sukari. Na mtu akiungua, cha kwanza ni maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Si dawa ya meno, wala si unga.

Pili, mafuta ya nazi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Ufilipino kwa watoto 117 wenye ukurutu usio mkali sana. Kwa wiki nane, mafuta safi ya nazi yalisaidia kuliko mafuta ya madini. Ngozi ya ukurutu hupoteza maji, na mafuta haya huyazuia. Kumbe bibi zetu walikuwa na lao! Na aliyefunga asiwe na wasiwasi: kupaka mafuta juu ya ngozi hakufunguzi saumu.

Tatu, mwarobaini na manjano kwa upele. Upele huletwa na kidudu kinachochimba ndani ya ngozi, ndiyo maana usiku watu hawalali kwa kujikuna. Mwaka 1992 ilichapishwa habari ya watu 814 nchini India waliopakwa mwarobaini uliopondwa pamoja na manjano. Asilimia 97 walipona katika siku 3 hadi 15. Ni habari njema, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, basi tusiifanye hoja ya mwisho. Dawa yoyote utakayotumia, nyumba nzima ipakwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Ukimpaka mmoja ukawaacha wengine, wiki ijayo mnaanza upya. Na mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto kabisa, ni sumu kwake.

Nne, mshubiri. Ule ute mweupe wa ndani ya jani hupoza ngozi iliyowashwa na jua. Lakini yale maji ya manjano yaliyo chini ya ganda huwasha, yaache yamwagike kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma. Watu husema, "Hii ni ya asili, haina madhara." Jamani! Hata upupu ni wa asili. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi huiunguza. Ukijipaka ndimu kisha ukatoka juani, ngozi hufanya malengelenge na kubakia na madoa meusi. Hina yenyewe, ile ya majani, ni salama kwa watu wengi. Lakini piko tunalochora mikononi ni rangi ya nywele yenye kemikali, na kuna dada zetu wanaoamka siku ya Idd mikono imevimba na kutoa maji. Akishadhurika mara moja, huenda rangi ya nywele ikamdhuru maisha yake yote.

Kisha kuna makopo yaliyoandikwa "mitishamba". Mwaka 2003 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa krimu 24 za "mitishamba" walizokuwa wakipakwa watoto wenye ukurutu. Krimu 20 zilikutwa na dawa za steroidi ambazo hazikutajwa. Mama anadhani anampaka mwanawe majani, kumbe anamkondesha ngozi. Ndugu zangu wafanyabiashara, kuficha kilichomo ndani ya kopo ni ghushi, hata ukibandika jina la Sunna juu yake.

Na kuna maradhi yasiyotaka kungoja. Ukiona baka lililopauka lisilohisi ukiligusa, nenda hospitali, huenda ni ukoma. Ukoma hupona kwa vidonge vinavyotolewa bure, lakini mishipa ya hisia ikishakufa hairudi. Vilevile kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari, ngozi nyekundu yenye joto na homa, au doa jeusi linalobadilika umbo. Miezi mitatu ya kupaka mafuta hapo ni miezi mitatu iliyopotea, na mwenye kuilipa ni mgonjwa.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Dawa mpya ijaribuni kwanza mahali padogo ndani ya mkono, mngoje siku mbili. Mkienda kwa daktari, mwambieni kila mlichopaka, msione haya. Na msimwachishe mtu dawa za hospitali kwa maneno ya barazani.

Shifaa yatoka kwa Mwenyezi Mungu, nasi tumeamrishwa kushika sababu zake kwa ujuzi. Atuponyeshee wagonjwa wetu na atutakabalie saumu zetu, amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.