Fomu ya Mnunuzi na Kitambulisho cha Kibarua

(Mazungumzo na vikundi vya wakulima wa mishiri)



Siku hizi mnunuzi wa mishiri akija huleta na fomu. Ndani tunaulizwa: Je, kuna kazi ya kulazimishwa katika mashamba yenu? Je, kuna watoto walioandikwa kazi? Tunaweka alama kwenye "hapana" haraka haraka, tunapiga muhuri wa kikundi, basi. Leo tuiangalie polepole kidogo.

Imetoka wapi? Mishiri ya Kenya huuzwa sana Ulaya, Uingereza ikiwemo. Mwaka 2015 Uingereza ilitunga sheria juu ya utumwa wa kisasa. Kampuni inayofanya biashara huko, ikiwa mauzo yake yamefika pauni milioni 36 kwa mwaka, lazima itoe taarifa kila mwaka kueleza imefanya nini ili utumwa usiwemo katika shughuli zake wala kwa wale wanaoiletea mali. (Sheria yenyewe ina tundu. Kampuni ikiandika kwamba haijafanya lolote, imetimiza!) Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2024: kuanzia Desemba 2027 bidhaa iliyotokana na kazi ya kulazimishwa haitaruhusiwa kuuzwa huko. Ndiyo maana duka linamwuliza mwagizaji, mwagizaji anamwuliza msafirishaji wa Nairobi, yeye anamwuliza dalali, na dalali anafika kwetu.

Tukisikia utumwa tunafikiria minyororo na soko la Zanzibar. Huu wa leo mara nyingi huanza na mkopo. Tuseme ni wakati wa kuchuma na watu hawatoshi. Mnyapara anakwenda mbali kutafuta vijana. Anawalipia nauli, anawapa unga na mahali pa kulala, anasema, "Nitakata pole pole." Halafu anachukua vitambulisho, eti awawekee visipotee. Wiki ikiisha anakata nauli, anakata unga, anakata kitanda, anakata kreti iliyovunjika. Kijana anaambiwa bado anadaiwa. Wiki ya pili deni limeongezeka. Hakuna aliyempiga. Lakini hebu jiulize: akitaka kwenda kwao kesho asubuhi, anaweza? Kama hawezi, ile "hapana" tuliyoandika kwenye fomu ni uongo, hata kama hatukujua.

Na mwenye shamba husema, "Mimi nilimlipa mnyapara pesa zote." Hilo si jibu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inataka mshahara umfikie mfanyakazi mwenyewe, na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Katiba ya 2010, kifungu cha 30, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Na anayewaleta watu kwa hila ili awatumikishe anaweza kushtakiwa kwa sheria ya 2010 dhidi ya biashara ya kusafirisha binadamu. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Si mchezo.

Basi kila kibarua alipwe mkononi au kwa namba yake ya simu, na siku zake ziandikwe katika daftari analoweza kuliona. Namba ya kitambulisho inakiliwa, kitambulisho kinarudi mfukoni mwake hapo hapo. Na mtu wa kamati, afadhali mama anayesikilizwa, azungumze na vibarua mnyapara akiwa mbali. Kuhusu watoto: anayemsaidia mamake Jumamosi si sawa na yule aliyeandikwa kibarua na shule imemwacha. Chini ya miaka 13 sheria hairuhusu kumwajiri kabisa. Ukiona mtoto anateswa, piga 116, ni bure.

Lakini tusijilaumu peke yetu. Mnunuzi anayepiga simu jioni akitaka lori lijae alfajiri, anayekataa nusu ya mishiri ikishachumwa, anayelipa baada ya miezi miwili, huyo naye anamsukuma mkulima kwa mnyapara. Kampuni haiwezi kuzuia utumwa kwa karatasi huku ikinunua namna hiyo. Kwa hiyo fomu ikija, nasi tuandike nyuma yake: mtatupa oda siku ngapi mbele? Mtalipa lini?

Na tukigundua kasoro? Wengine wanaogopa kusema, wasije wakapoteza soko. Woga huo tunauelewa. Karo inatoka huko. Hata hivyo kwanza kibarua arudishiwe pesa zake na kitambulisho chake, kisha mnunuzi aambiwe, na tukubaliane muda wa kurekebisha. Akituacha siku hiyo hiyo hajamsaidia yule kijana. Mnyapara atampeleka shamba jingine, ambako hakuna fomu inayofika. Hilo nalo mnunuzi aambiwe waziwazi.

Kabla ya mkutano ujao kila kikundi kiandike majina ya wanyapara wote waliotuletea watu msimu uliopita, na walikowatoa. Mje nayo.