Dhamana ya Tajuddin Ahmad

Historia ya ukombozi huwakumbuka upesi waliohutubia umati, na mara nyingi huwasahau waliobeba mzigo wakati umati umetawanywa kwa risasi. Jina litajwalo kwanza katika Bangladesh ni la Sheikh Mujibur Rahman, nayo ni haki yake. Lakini katika miezi tisa ya vita vya mwaka 1971 Sheikh Mujibur alikuwa kifungoni Pakistan ya Magharibi. Aliyeiongoza serikali ya Wabengali ni Tajuddin Ahmad.

Tajuddin alizaliwa tarehe 23 Julai, 1925, katika kijiji cha Dardaria, kaskazini ya Dhaka. Tangu ujana wake alishiriki harakati za kuitetea lugha ya Kibengali, ambayo watawala wa Pakistan waliinyima hadhi ya lugha ya taifa, ingawa ndiyo iliyosemwa na watu wengi zaidi nchini. Mwaka 1966 alichaguliwa Katibu Mkuu wa chama cha Awami League, na mwaka huohuo akatiwa ndani kwa kutetea Madai Sita ya kujitawala kwa Pakistan ya Mashariki.

Katika uchaguzi wa Desemba 1970, chama hicho kilishinda viti 160 kati ya 162 vilivyogombewa mashariki, idadi iliyotosha kuunda serikali ya Pakistan nzima. Watawala wa kijeshi wakaahirisha Bunge, na usiku wa tarehe 25 Machi, 1971, wakawaamuru askari kuushambulia mji wa Dhaka. Mujibur akakamatwa. Tajuddin akavuka mpaka kuingia India, hana jeshi wala fedha, akaonana na Bibi Indira Gandhi. Tarehe 10 Aprili serikali ikaundwa: Mujibur, ingawa mfungwa, akawa Rais, na Tajuddin Waziri Mkuu. Wiki moja baadaye waliapishwa katika shamba la miembe karibu na mpaka, mahali palipopewa jina la Mujibnagar.

Wakimbizi wapatao milioni kumi walikuwa India, na wapiganaji walihitaji silaha. Ndani ya serikali yenyewe, Waziri wa Mambo ya Nje, Khondaker Mostaq Ahmad, alikuwa na mawasiliano ya siri na Wamarekani. Tajuddin aliapa kutoishi na familia yake mpaka vita viishe. Mkewe na watoto wakiwa katika mji uleule wa Calcutta, yeye alilala katika chumba kando ya ofisi yake.

Ushindi ulipatikana tarehe 16 Desemba. Mujibur alirejea Dhaka tarehe 10 Januari, 1972, na siku mbili baadaye Tajuddin akamwachia uwaziri mkuu, akawa Waziri wa Fedha. Wengi walioshika madaraka wakati wa vita wameyang'ang'ania amani iliporudi. Kwake cheo kilikuwa dhamana, na dhamana hurudishwa.

Lakini uaminifu huo haukumlinda. Oktoba 1974, mwaka wa njaa kubwa, alitakiwa ajiuzulu, naye akajiuzulu. Mostaq alibaki serikalini. Kikulacho ki nguoni mwako. Tarehe 15 Agosti, 1975, wanajeshi walimwua Mujibur na wengi wa jamaa zake, na Mostaq akashika urais. Tajuddin alifungwa. Tarehe 3 Novemba askari waliingia Gereza Kuu la Dhaka, wakamwua pamoja na wenzake watatu wa serikali ya vita: Syed Nazrul Islam, Mansur Ali na A.H.M. Qamaruzzaman.

Ndugu wananchi, kiongozi apendaye kusifiwa huwaona wasema kweli kuwa mzigo. Akiwatenga, hubaki na wanaomsifu, na siku ya hatari hao si ngao yake. Bangladesh ililijua hilo kwa damu ya viongozi wake katika muda wa siku themanini tu.