Upande wa Pili wa Santuri
Mhadhara wa umma uliotolewa Lamadi, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu



Nitazungumzia bendi kubwa za dansi zilizojiita jazz, na namna rekodi zake zinavyotolewa upya. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, Western Jazz 1959, NUTA Jazz 1964. Tabora Jazz, majirani zetu wa Unyamwezini, walitamba na mtindo wao wa Segere Matata. Ushindani wa bendi hizo hauhitaji maelezo mengi hapa Usukumani. Aliyekulia kati ya Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyoshindana, anajua kwa nini shabiki wa Msondo, mtindo wa NUTA, hakutaka kuonekana kwenye ukumbi wa Sikinde, mtindo wa bendi ya Mlimani Park.

Muziki huu ulihifadhiwa kwa njia mbili, na hoja yangu yote imo katika tofauti yake. Njia ya kwanza ni santuri. Kwa miaka mingi nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, hivyo zilichapwa Nairobi. Santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika tatu au nne hivi kila upande. Sasa fikirini jinsi wimbo wa dansi unavyokwenda. Kwanza mwimbaji anasimulia kisa chake taratibu. Halafu gita la solo linachangamka, waitikiaji wanashika kibwagizo, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja, na waliokaa wanainuka. Hapo hapo ndipo sindano ilipofika mwisho wa upande wa kwanza. Ukitaka kuendelea, geuza santuri. Na mara nyingine upande wa pili ulikuwa na wimbo mwingine kabisa.

Njia ya pili ni redio. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, iliziita bendi studioni. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na mkanda ukazunguka hadi wimbo uishe wenyewe. Ndiyo maana nyimbo za Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, zinafika dakika sita na zaidi bila kukatwa. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, njia ya kwenda viwanda vya Nairobi ikawa ngumu, na nyimbo nyingi za miaka hiyo zikabaki kwenye mikanda ya redio peke yake.

Wamarekani nao walipitia haya. Mwaka 1937 Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazz, alilazimika kugawa utunzi wake mmoja mrefu pande mbili za santuri. Mwaka 1956 aliupiga tena kwenye tamasha la Newport, na Paul Gonsalves akapuliza saksafoni mizunguko 27 mfululizo. Lakini Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni ya redio, Sauti ya Amerika, si ile ya kampuni ya santuri. Kwenye santuri akasikika kwa mbali. Miaka mingi baadaye mkanda wa redio ulipatikana, na toleo la mwaka 1999 likaunganisha rekodi hizo mbili. Mpulizaji akasikika vizuri kwa sababu redio ilitunza mkanda wake.

Kwetu, matoleo mapya mazuri yametoka mbali. Dizim ya Ujerumani ilitoa nyimbo za Salum Abdallah na bendi yake, Cuban Marimba, mwaka 2000. Buda Musique ya Paris, katika mfululizo wa Zanzibara, imetoa dansi la miaka ya 1960 na la 1978 hadi 1983. Kazi hizo naziheshimu sana. Lakini mikanda yenyewe iko Dar es Salaam, na mkanda haungoji. Joto na unyevu hulegeza gundi inayoshika unga wa sumaku, unga ukaanza kubanduka na kuganda kwenye mashine. Mkanda wa namna hiyo huenda usichezeke tena, kwa hiyo unaponakiliwa, kasi iwe sahihi tangu mwanzo. Kasi ikizidi kidogo tu, sauti zote zinapanda, na mzee aliyewahi kupuliza tarumbeta atakwambia papo hapo kwamba hakuna ala iliyopigwa hivyo.

Mzee huyo ana kazi kubwa kuliko hiyo. Lebo ya santuri iliandika bendi na mtunzi, basi. Michael Enoch, aliyepiga gita Dar es Salaam Jazz na baadaye akaiongoza Mlimani Park, anajulikana. Je, aliyeshika gita la rithimu pembeni yake? Aliyepiga tumba? Wanaoweza kuwatambua kwa sauti ni wanamuziki waliobaki na mashabiki waliocheza mbele yao, na hao wanapungua kila mwaka.

Napendekeza nakala za mikanda hiyo zisikilizwe kwanza nao, Tabora, Morogoro, Tanga, Mwanza, na hapa Lamadi pia, kabla ya kufika kwa mchapishaji yeyote. Majina yaandikwe ala kwa ala, wimbo kwa wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua wapigaji pamoja na watunzi, lakini hakuna anayeweza kumlipa mrithi wa mpiga tumba ambaye jina lake halikuandikwa popote.