Nani Atakuzalisha Kesho?

Ninyi mnaokaa hapa kwenye benchi na karatasi ya kupimia mtoto mkononi, na ninyi wenye mimba mnaongoja zamu yenu, leo sitasema juu ya bugali na sombe, wala juu ya chandarua. Hayo tumekwisha kuyasema. Leo nasema juu ya yule anayekupima tumbo. Alitoka wapi? Alifunzwa na nani? Na akizeeka, nani atasimama mahali pake?

Babu zetu walitibiwa na wageni. Wakati wa Wabeleji, Mkongo aliweza kufikia daraja la msaidizi wa daktari, basi, hapo akagota. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, chuo kikuu cha Kongo kilikuwa hakijatoa bado daktari Mkongo hata mmoja. Waganga wengi Wazungu wakakimbia. Ndipo Shirika la Afya la Ulimwengu likapeleka wale wasaidizi kadhaa Ufaransa wakamalize masomo, nao wakarudi madaktari. Kumbe akili walikuwa nayo tangu zamani. Walinyimwa mlango tu.

Tazameni pia mtu wa kwetu, Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955. Masomo ya udaktari aliyafanya Burundi. Alipoanza kazi Lemera, upande wa Uvira, aliona wanawake wanaletwa wakiwa wamechelewa, wanakufa kwa uzazi. Akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake, kisha akarudi Lemera. Kurudi, ndilo neno! Mwaka 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Alianzisha Panzi mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa Nobel. Lakini msidhani nawaambia kila mtoto awe daktari. Kule kijijini juu ya mlima, usiku wa mvua, daktari hayuko. Yuko muuguzi, au hakuna mtu.

Basi mtoto wako apite njia gani? Masomo ya msingi ya serikali hayalipwi tangu mwaka 2019. Akimaliza hayo na miaka miwili ya sekondari, anaweza kuingia shule ya uuguzi, ile tunayoiita ITM. Ni miaka minne, na nusu yake si ubao na chaki. Ni staji: kuosha vidonda, kupima damu, kukaa na mama mwenye uchungu mpaka alfajiri. Mwishoni kuna mtihani wa taifa. Akifaulu anaitwa muuguzi wa A2, au mzalishaji wa A2. Mwenye diplomu ya serikali ya sekondari anaweza kuendelea katika chuo cha juu, kama ISTM ya Bukavu, miaka mitatu, akawa A1. Njia ya Bukavu mnaijua, si ya kuaminiwa kila mwaka. Kwa hiyo wengi huishia A2, na mimi sioni haya kusema kwamba A2 mwenye mikono mizuri amewaokoa wamama wengi wa Fizi.

Sasa neno lenye uchungu. Katika darasa, binti anakuwa wa kwanza, halafu siku moja kiti chake ni kitupu. Nauliza, naambiwa eti ameposwa, mbuzi zimekwisha kufika. Ana miaka kumi na tano! Mama, sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inakataza ndoa chini ya miaka 18. Tena uliza mwenyewe materniti: nani anachanika, nani anakaa na uchungu siku mbili? Mara nyingi ni mtoto anayezaa mtoto. Baba akisema masomo ya msichana ni hasara, mjibu kwa upole, lakini mjibu: siku bibi yako atakapotokwa na damu utataka ashikwe na nani? Wengi wenu mnaona haya kuvuliwa kikwembe mbele ya kijana mwanamume. Vizuri. Basi acheni binti wasome.

Na lugha je? Bibi kizee ashukaye kutoka mlimani anaeleza maumivu yake kwa Kibembe, si kwa Kifaransa. Anayemsikia vizuri anampa dawa iliyo sawa. Lakini muuguzi wa kweli haulizi kabila. Mbembe, Mfuliiru, Mbuyu, Munyamulenge, mkimbizi wa Burundi aliye Lusenda, wote damu yao ni nyekundu. Shuleni tunalifundisha hilo kwa nguvu, maana vita vimetuharibu. Na Watwa wa misitu ya Itombwe, wao wamekaa nyuma kuliko wote. Sheria ya Julai 2022 inalinda haki zao, masomo na matibabu pia. Karatasi iko, lakini mtoto wa Mtwa akichekwa darasani atatoroka, sheria au si sheria.

Wewe uliyekwisha kuzaa sita, usiseme mlango umefungwa. Kuna kazi ya rele wa kijiji. Kijiji chenyewe kinamchagua mtu mwaminifu, ajuaye kusoma na kuandika. Anafunzwa kupita nyumba kwa nyumba, kuita watoto kwa chanjo, kuonyesha namna ya kutia dawa katika maji, maana kolera ya ziwa hatuisahau. Mahali palipo mbali na kituo, wengine wanafunzwa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano: malaria, kuhara, na kifua cha kupumua mbio. Siku ya kuchagua, wanaume wanajaza majina yao wenyewe. Enendeni na ninyi mtaje mwanamke. Wale wakunga wetu wa jadi nao tunawaheshimu, ila kazi yao sasa ni kumsindikiza mama mpaka materniti mapema, si kumzalisha nyumbani.

Siwafichi: mshahara ni taabu. Wauguzi wengi wanafanya kazi miaka bila serikali kuwaandika, wanagawana kidogo kinachobaki kwenye feza za wagonjwa. Mtoto ajue hayo kabla ya kuingia.

Tena jihadharini na shule za ovyo. Kabla ya kulipa minerivali, omba kuona karatasi ya ruhusa ya wizara ya afya. Uliza wanafunzi wanafanya staji hospitali gani, na wangapi walifaulu mtihani wa taifa mwaka uliopita. Mkuu wa shule akikasirika, rudisha pesa yako mfukoni. Muuguzi mkuu wa kituo chako, au watu wa biro ya zone ya afya, watakuambia shule gani inajulikana. Beba karatasi ya kuzaliwa ya mtoto na bileti zake za masomo. Na mwenye binti darasani mwaka huu, akisha kupima mtoto leo, aje kwangu pale mlangoni tuongee.