Barua na Samansi: Ni Nani Awezaye Kuuliza juu ya Sarafu za Mtandao?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Ukunda)



Wengi wenu, wapishi, watandika vyumba na askari wa lango, mmeuliza: hizi sarafu za mtandao zinazopigiwa debe na wakubwa, nani ana haki ya kuzichunguza? Na mbunge akisema gazetini kwamba "anachunguza", je, ni uchunguzi kweli?

Nitaanza mbali. Mwaka 2024 huko Marekani ilitangazwa kampuni iitwayo World Liberty Financial, ambayo Bwana Trump na wanawe wana fungu ndani yake. Mwezi wa Mei 2025 ikajulikana kwamba kampuni ya MGX ya Abu Dhabi itatumia sarafu ya kampuni hiyo kutia dola bilioni 2 katika Binance. Mwanzilishi wa Binance, Changpeng Zhao, alikuwa amekiri kosa mahakamani mwaka 2023 na kufungwa miezi 4. Oktoba 2025 Rais Trump akamsamehe.

Waliouliza ni kina Seneta Elizabeth Warren na Seneta Richard Blumenthal. Lakini chama chao kilikuwa na watu wachache Bungeni, na huko wachache hawana nguvu ya kutoa samansi. Basi waliandika barua. Barua hutaka vitabu vya hesabu, hutaja siku ya kujibu, nayo magazeti huichapa. Lakini aliyeandikiwa akiitia mfukoni, hakuna askari atakayemgongea mlango. Sisemi barua ni bure, maana huweka maswali wazi hata atakayekuja baadaye ayakute. Ila tusiiite kesi.

Sasa turudi kwetu. Mwisho wa Julai 2023 watu walipanga foleni Nairobi, pale KICC, wakapigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, kwa malipo ya sarafu zilizokadiriwa kama shilingi 7,000. Mfanyakazi wa hoteli ya Diani aliyerudishwa nyumbani wakati wa masika hawezi kumcheka mtu wa foleni ile. Tarehe 2 Agosti Serikali ikasimamisha kazi hiyo.

Hapo Bunge letu halikuandika barua tu. Liliunda kamati maalum, mwenyekiti wake Bwana Gabriel Tongoyo, mbunge wa Narok Magharibi. Kifungu cha 125 cha Katiba chaipa kamati kama hiyo nguvu za Mahakama Kuu: kumwita mtu yeyote, kumwapisha, na kumlazimisha kutoa karatasi. Mkubwa wa kampuni iliyoiendesha Worldcoin, Bwana Alex Blania, alifika akaulizwa. Ripoti ikatoka mwaka ule ule, nayo ilitaka shughuli hizo zifungwe.

Je, yakaisha? La. Juni 2024 polisi wa upelelezi walifunga faili lao. Waliofika mwisho wa njia ni raia wenyewe, Katiba Institute na wenzao, waliokwenda mahakamani. Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili aliamuru picha zile zifutwe kwa muda wa siku 7, chini ya macho ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Basi hata samansi si dawa ya kila ugonjwa. Kamati huuliza na kupendekeza; kufuata mapendekezo ni kazi ya wengine, na wengine hao wana usingizi wao.

Oktoba 2025 Rais wetu alitia sahihi sheria ya watoa huduma za mali za mtandao. Wauzaji sasa watakiwa kuwa na leseni, nao wako chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa hiyo akija mtu na mkoba wake langoni akitaka fedha zenu za akiba, swali la kwanza ni leseni, hata akionyesha picha amesimama na mheshimiwa gani.

Kifungu cha 119 chatupa haki ya kupeleka ombi Bungeni. Halina nguvu ya samansi, lakini si barua ya kirafiki pia: husomwa, hupelekwa kwa kamati, na hujibiwa. Katibu ameandika ombi la tawi, likiuliza yale mapendekezo ya 2023 yamefuatwa mangapi. Karatasi iko mezani. Atakayetia sahihi aandike jina kamili na nambari ya kitambulisho, na walio zamu ya usiku wataletewa Jumamosi.