Kisasi chenye Mhuri: Mfanyakazi Aliyesema na Mahakama za Kazi za Johannesburg



Mwajiri anayelipiza kisasi siku hizi hapigi kelele, anaandika barua. Mfanyakazi aliyetoa taarifa ya ubadhirifu huhamishiwa ofisi isiyo na kazi, haalikwi tena vikaoni, kisha huletewa mashtaka ya nidhamu kwa kosa ambalo mwezi uliopita halikumkera mtu. Kila karatasi, ukiisoma peke yake, ina sababu yake. Kazi ngumu ya mlalamikaji ni kuonyesha kwamba zote zimetokana na lile alilolisema.

Mike Tshishonga alikuwa ofisa mwandamizi wa Wizara ya Sheria. Alilalamikia uhusiano wa waziri wake na mfilisi mmoja, akazipelekea taarifa taasisi za usimamizi za serikali, na Oktoba 2003 akazungumza na waandishi wa habari. Alisimamishwa kazi na kushtakiwa. Kikao cha nidhamu kilimwona hana hatia, lakini utumishi wake ulikuwa umekwisha. Mahakama ya Kazi ilimpa ushindi mwaka 2006, chini ya Sheria ya Taarifa Zinazolindwa ya mwaka 2000. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya Kazi ilipanga fidia ya randi 277,000, sehemu kubwa ikiwa gharama za mawakili alizoingia kujitetea. Miaka sita kurejeshewa fedha za kujitetea! Nauita huo ushindi kwa sababu hukumu yake imewafaa wengine. Yeye mwenyewe kazi hakurudishiwa.

Kuhusu ushahidi, mahakama hizo zimekuwa na busara. Katika kesi ya rubani wa SA Airlink aliyefukuzwa baada ya kushughulikia mambo ya chama cha wafanyakazi, Mahakama ya Rufani ya Kazi ilieleza mwaka 2005 kwamba mfanyakazi akishaleta ushahidi wa kutosha kuonyesha uwezekano wa kuaminika wa kisasi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha sababu halisi. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki kabisa, kwa kuwa mafaili yote yamo kabatini mwa mwajiri. Fidia ya kufukuzwa kwa kisasi hufika mishahara ya miezi 24, mara mbili ya kufukuzwa kwingine kusiko halali.

Mlango wa kuingilia ni tume ya usuluhishi, CCMA, iliyoanza kazi mwaka 1996. Haitozi ada, lakini aliyefukuzwa ana siku 30 tu za kufungua shauri, kama ilivyo kwenye tume ya Tanzania. Nawaambia hasa ndugu zetu wa mtaa wa Yeoville waliotoka Kongo na Afrika Mashariki: Mahakama ya Kazi iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Discovery Health, kwamba hata asiye na kibali halali cha kazi ni mwajiriwa mbele ya tume hiyo. Wengi hunyamaza kwa kudhani hawana pa kwenda.

Na wapo ambao fidia haiwafikii. Babita Deokaran, ofisa wa fedha wa Idara ya Afya ya Gauteng aliyetilia shaka malipo ya hospitali ya Tembisa, alipigwa risasi nje ya nyumba yake kusini mwa jiji hili tarehe 23 Agosti 2021.

Ndiyo maana nadai kinga ije kabla ya dhara. Mahakama ya Kazi inaweza kutoa amri ya dharura ya kusimamisha kikao cha nidhamu chenye dalili za kisasi. Ilifanya hivyo mwaka 2003 katika shauri dhidi ya kampuni ya Denel. Lakini kuomba amri hiyo kunahitaji wakili, na wakili anahitaji malipo ambayo karani au mlinzi hana. Uwezo huo wapewe makamishna wa tume, ambako kufungua shauri ni bure, nao waamue ndani ya siku chache, mlalamikaji akiwa bado kazini na mshahara wake ukiingia.