Kifuniko cha gitaa kisibebeshwe lawama zote

Leo tuzungumzie pikapu. Najua wenzangu wa Lushoto wakilisikia neno hilo watawaza gari linaloteremsha kabichi na karoti hadi Mombo. Siyo hilo. Nazungumzia pikapu ya gitaa la umeme, kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi, kikageuza mtetemo wake kuwa umeme na kuupeleka kwenye amplifaya. Na hasa nazungumzia kifuniko chake, lile bati linalong'aa juu yake.

Mtu atauliza, jambo dogo kama hilo linatuhusu nini? Linatuhusu kwa sababu huku Usambara ziko kwaya za vijana ambazo gitaa lao la solo ni moja tu, nalo limenunuliwa kwa michango ya washarika. Nimewasikia vijana wakiambiana kwamba gitaa likitoa sauti iliyofifia, kama inayotoka ndani ya ukungu wa Magamba, kosa ni la kifuniko, na dawa ni kuyeyusha lehemu na kuking'oa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo yaweza kuua gitaa zima.

Tuanze na ule ukweli. Pikapu ni sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele. Katika pikapu ya koili mbili, kila koili ina mizunguko ipatayo 5,000 ya waya huo. Uzi wa gitaa, ambao ni wa chuma, unapotetema juu yake, nguvu ya sumaku hupanda na kushuka, na umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya. Ukiweka bati katikati, umeme huzaliwa ndani ya bati pia. Huo hauendi popote. Huzunguka humohumo na kula sehemu ya sauti. Kadiri uzi unavyotetema kwa kasi, ndivyo bati linavyokula zaidi. Kwa hiyo zinazopungua ni sauti nyembamba za juu, siyo zile nzito za besi.

Asiyeamini na ajaribu nyumbani. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwa uzi, uibembeze karibu kabisa na mfuniko wa sufuria ya alumini bila kuugusa. Itatulia upesi kuliko inapobembea juu ya meza ya mbao. Alumini haivutwi na sumaku, lakini umeme unaozaliwa ndani yake huizuia.

Hata hivyo, vifuniko havilingani. Cha plastiki, kama vile vya gitaa la Fender Stratocaster lililotoka mwaka 1954, hakili sauti hata kidogo, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme. Cha shaba ya njano, ile ya matarumbeta, hula sana. Katikati yake kuna madini ambayo Wazungu huyaita fedha ya Kijerumani, ingawa hayana fedha ndani yake. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hayo hupitisha umeme mara nne hivi pungufu kuliko shaba ya njano, na kwa hiyo hula kidogo tu. Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani aliyeomba hataza ya pikapu yake ya koili mbili mwaka 1955, aliyachagua kwa sababu hiyohiyo. Huyo hakufunika bila kufikiri.

Na kifuniko kina kazi yake. Kikiunganishwa na waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, huzuia mikwaruzo inayotoka kwenye taa za mirija na nyaya za jengo. Tena hukinga ule waya mwembamba usiguswe na jasho, vumbi na unyevu, na unyevu milimani kwetu haukosekani. Ukiking'oa, sauti ya juu inaongezeka kidogo, lakini ulinzi huo umeuondoa.

Vijana hunijibu kwamba mabingwa waling'oa. Ni kweli. Katikati ya miaka ya 1960 wapigaji wa Uingereza, akiwamo Eric Clapton, walivua vifuniko vya magitaa yao. Lakini wale walipiga kwa amplifaya iliyofunguliwa hadi sauti ikapasuka, na kifuniko kilicholegea mahali penye kelele namna hiyo huanza kupiga mluzi. Kwaya haipigi hivyo. Wala bendi zetu za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hazikujenga jina kwa sauti iliyopasuka. Katika dansi gitaa la solo husimulia kwa noti safi za juu, na usafi huo una vyanzo vingi kabla ya kifuniko.

Basi kabla hujashika pasi ya kulehemu, fuata utaratibu huu. Kwanza badili nyuzi. Nyuzi zenye kutu haziwezi kung'ara. Pili, hakikisha kitufe cha toni kimefunguliwa chote. Tatu, tumia waya mfupi kwenda kwenye amplifaya, maana waya mrefu nao hula sauti ya juu. Nne, ipandishe pikapu kidogo kwa skrubu zake, ikaribie nyuzi bila kuzigusa. Kazi hizi nne, ukiacha bei ya nyuzi, hazidai fedha nyingi, na zote zinaweza kurudishwa zilivyokuwa.

Sauti ikiwa bado imefifia, fungua skrubu uitoe pikapu, ukwaruze kidogo ukingo wa chini wa kifuniko. Ukiona njano chini ya ule mng'aro, ni shaba, na hapo lawama ina msingi. Mpelekee fundi mwenye uzoefu akibadilishe. Ukiona weupe, na sumaku haikishiki, kiache mahali pake. Kuking'oa kutakuletea tofauti ambayo walio kwenye mabenchi ya nyuma hawataisikia.

Nasema fundi mwenye uzoefu kwa sababu mkono ukiteleza mara moja ule waya hukatika, na pikapu inanyamaza. Toka Mlalo au Bumbuli kumtafuta mtu wa kuusuka upya ni safari, nauli na Jumapili kadhaa bila solo. Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi sisemi jembe lisitengenezwe. Nasema tulikague kwanza, maana hili si la mtu mmoja. Limenunuliwa na sharika nzima.